Moyo Mkubwa wa Wasike

Namatala, Mbale
Jumapili, 3 Machi 2024

Kwa mjukuu wangu Wasike, mume wangu mdogo asiyeniletea hata sukari,

Nakusalimu. Mimi nipo. Mguu unauma lakini nauburuta, nao unanifuata. Shangazi yako Khainza yupo, anakohoa na kusengenya kama kawaida, na nadhani hilo la pili ndilo linalomweka hai. Kuku wa nyama nimeingiza mia na ishirini, wamekufa saba. Mvua imeanza. Maji ya mtaro yaliingia kwa jirani mpaka kitandani, kwangu yalipita mlangoni tu, kwa heshima.

Usiniulize kwa nini naandika barua wakati dunia nzima ina simu. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia linachotaka. Ukituma meseji anayenisomea ni Khainza, na Khainza akisoma, Namatala yote imesoma. Mimi nilifika darasa la tatu, na herufi nilizopewa huko nitazitumia mpaka zichakae. Ooko atakuletea hii kwenye lori la tajiri wako akishashusha mabati hapa. Mpe jibu la mkononi, si la mdomoni, maana maneno yakipita mdomoni mwa Ooko hufika yamenenepa.

Sasa neno lenyewe. Picha uliyotuma imefika. Niliiweka mezani nikaitazama, nikaigeuza nyuma, nikadhani umenitumia mtu mwingine ukambandika kichwa chako. Mkono kama paja. Shingo sikuiona. Wewe niliyekuchukua mama yako alipokufa, nikakulea humu ndani, nikawa nakuita Njiti mbele ya watu kwa sababu suruali yako ya shule tuliifunga kwa kamba ya gunia na bado ilishuka. Nilikuwa nakutania. Bibi na mjukuu ni watani, hilo unalijua.

Ooko anasema huko jimu mnadungana sindano za matako. Nilimwambia ni mwongo kama baba yake. Lakini na wewe nakuuliza: unadungwa nini, na nani, kwa ugonjwa gani? Mtu hadungwi bila ugonjwa.

Na mkeo Patience mbona hanisalimii? Mwaka wa nne huu na tumbo liko kimya. Mwambie nimeuliza, asijifanye hakusikia.

Aliyekufuta makamasi,
Bibi yako Maximilla


Jinja
26 Aprili 2024

Kukhu wangu,

Bibi, barua hii ikikukuta umesimama, kaa. Ikikukuta umekaa, usiinuke. Yako ilikaa chini ya kiti cha Ooko wiki tatu, na ilinifikia ikinuka dizeli. Ndiyo sababu nimechelewa, usinigombeze kwa hilo, nigombeze kwa mengine.

Mimi nipo salama. Kazi ni ile ile, kwa Bhavesh, kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi. Siku hizi nabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, wenzangu wanabeba mmoja. Mama yake Bhavesh, Bi Lataben, anakaa ghorofani juu ya duka. Hunishushia chapati kwa kikapu cha kamba na kusema mtu mkubwa namna hii lazima ale. Nimemweleza kwamba ninaye bibi Mbale mwenye ulimi, akasema na yeye anao.

Kukhu, zile sindano si ugonjwa. Ni vitamini za misuli. Kochi wetu ndiye huzileta, na vijana wote wa jimu wanatumia. Wewe unaweka mbolea kwenye mahindi, si kwamba mahindi yanaumwa. Ni hivyo tu.

Nina habari nzuri. Jumamosi tarehe 21 Septemba kuna shindano la misuli la mashariki nzima, na mwaka huu litafanyika huko huko Mbale. Nimeandikishwa. Nataka ukae mbele.

Patience amekwenda kwao Buwenge kuwasaidia kupanda. Anakusalimu. Mimi nalala vizuri, ila nimezoea kulalia mito mitatu, nikilala chini naona pumzi haishuki. Ni joto la Jinja.

Mjukuu wako,
Wasike


Namatala
Jumapili, 12 Mei 2024

Wewe Wasike,

Salamu zako nimezipokea, ingawa umemsahau Khainza, na Khainza amenuna siku mbili. Ulikuwa muda mzuri sana, nyumba ilitulia. Nitamwambia ulimsalimu nikishapumzika.

Kuku nimeshauza nusu. Juzi wale wawili wakubwa kupita wote, wenye vifua kama mito, walianguka chali mchana wa jua wakipiga mabawa, wakafa wakiwa wamenona. Ndivyo walivyo hawa wa kisasa, ukiwalisha sana kifua kinawashinda. Tuliwala siku ile ile.

Sasa hili la shindano. Sikulala, si kwa wasiwasi, kwa raha. Njiti wangu, mbele ya Mbale nzima. Nimewaambia wanawake wa kwaya. Nimemwambia muuza mkaa. Nimemwambia Juwairiya wa duka la khanga, ambaye mwanawe yuko Dubai na kila ukinunua hata leso lazima uisikie hiyo Dubai. Nikamwambia wangu yuko Jinja, na anakuja kupanda jukwaani kwa mwili wake mwenyewe, hakuazima kwa mtu. Alinyamaza. Wasike, hujui ni miaka mingapi nimengoja Juwairiya anyamaze.

Mbolea ninaijua. Kama ni mbolea basi ni mbolea, mimi si daktari. Kula vizuri.

Lakini mwanamume halalii mito mitatu kama bi arusi. Toa miwili. Na Patience anapanda nini mpaka leo? Mahindi ya Buwenge yameshafika magotini, Ooko ameyaona. Mrudishe nyumbani azae.

Bibi yako ambaye ameshachagua kitambaa cha gauni,
Maximilla


Jinja
9 Julai 2024

Kukhu wangu mpendwa,

Nakusalimu, na Shangazi Khainza namsalimu kwa jina lake lote, asije akanuna tena. Huku jua limekuwa kali. Bhavesh ameongeza stoo ya pili. Ooko alipata pancha mbili Iganga na amezilalamikia mpaka leo.

Nilikawia kukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini.

Wiki iliyopita nilipeleka mfuko wa unga ghorofani kwa Bi Lataben. Ni ngazi kumi na sita tu. Katikati nikasimama. Nikaweka mfuko chini, nikakaa juu yake. Bi Lataben akatoka, akanitazama, akatazama miguu yangu, akabonyeza kwa kidole juu ya kifundo, na shimo la kidole likabaki pale pale. Akaleta ile mashine yake ya kupimia presha. Ule mkanda wa kuzungushia mkononi haukunitosha, Kukhu. Ulifunguka wenyewe, prrr, na yeye akacheka kwanza. Kisha akatafuta mkubwa kwa jirani, akapima, akaacha kucheka. Kesho yake akanipeleka yeye mwenyewe kwa daktari wake.

Daktari alinipaka kitu cha baridi kifuani akaniangalia kwa mashine ya picha. Akasema, kijana, una moyo mkubwa. Akasema katika watu wa umri wangu hajawahi kuona moyo mkubwa namna hii. Nilimuuliza habari ya shindano, akasema nifikirie sana.

Kwa hiyo sijui kama Septemba nitaweza. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu mwenyewe.

Wewe unaonaje, Kukhu? Niambie unavyoona, nami nitafuata.

Patience bado yuko Buwenge.

Wasike


Namatala
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mjukuu wangu, damu ya ukoo wetu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Leo salamu nazifupisha. Wote wazima, mguu haujambo, kuku wapya wamefika. Basi.

Moyo mkubwa. Daktari mwenye mashine ameuona kwa macho yake. Nilikuwa nikisema siku zote katika nyumba hii, na watu wakanitazama kama mwanamke anayejisifu. Babu yako aliposimama mbele ya kisu cha tohara, nzi alitua mdomoni mwake, akamwacha akae. Hakupepesa jicho. Wazee wakasema huyu kijana ana moyo mkubwa, na kwa sababu ya neno hilo mimi nilivuka mpaka kutoka Kenya nikamfuata, na lori lake bovu, na Kiswahili chake ambacho majirani hapa, waliozoea kukisikia kwa wanajeshi tu, walidhani ni cha askari wakawa wanamwita afande. Baba yako hakuupata moyo huo. Baba yako alilia, tusiseme. Kumbe ulimruka ukatua kwako.

Nimewaambia kanisani. Mama mchungaji alinishika mkono. Khainza peke yake, yule mchawi, alikuwa anaosha vyombo akasema, "Mama, labda moyo mkubwa wa hospitali ni kitu kingine." Nikamwambia anyamaze, moyo ni moyo. Akasema, "Lakini amesema alikaa juu ya mfuko." Nikamwambia na wewe ukibeba mfuko mpaka ghorofani utakaa.

Unaniuliza naonaje. Naona hivi. Mtu aliyeambiwa ana moyo mkubwa, akirudi nyuma amemfanya daktari mwongo. Amekuambia ufikirie sana. Umefikiria tangu Julai, imetosha. Miguu ikivimba ni kusimama stoo kutwa nzima, loweka kwenye maji ya chumvi. Gauni limeshonwa. Juwairiya amesema atakuja mwenyewe kuona. Usiniletee habari ya sijui kama nitaweza. Sikukulea useme hivyo.

Nitakaa mbele.

Bibi yako, mwenye furaha kuliko wote Namatala,
Maximilla


Jinja
30 Agosti 2024

Kukhu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya nne nilimsomea Bi Lataben, akavua miwani, akaingia ndani.

Nitakuja.

Kaa mstari wa mbele upande wa kushoto, huko taa hazitakuumiza macho. Baadaye usije nyuma ya pazia, kuna mafuta na uchafu mwingi, utaharibu gauni.

Wasike


Namatala
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Wasike,

Nakusalimu. Natumai Jinja ulifika salama na gari la yule mama wa ghorofani halikukurusha sana njiani. Khainza anakusalimu. Habari za kuku sina.

Nimeanza barua hii mara tatu. Karatasi ya kwanza niliichoma, ya pili Khainza aliifungia chumvi.

Nitaandika nilichokiona, kwa sababu wewe hukuweza kuniona mimi. Ulipotokea kwenye jukwaa umepakwa yale mafuta, unang'aa kama sambusa, sikukujua. Kisha ukageuza kichwa upande wa kushoto ukanitafuta, nikajua ni wewe. Nilipiga vigelegele mpaka mtu wa nyuma akanigusa bega. Juwairiya alikuwa pembeni yangu na mdomo wazi. Nikaona midomo yako imekauka imepasuka, nikasema moyoni, kijana ana haya. Sikujua kwamba tangu Alhamisi ulikuwa hujanywa maji, na ulimeza vidonge vya kukojoa ili ngozi ishike nyama. Niliambiwa baadaye. Mtangazaji aliposema wa pili ni Wasike kutoka Jinja, mimi nilisema kwa sauti, wa pili kwa nini, waamuzi wamehongwa. Watu wakacheka. Nilikuwa bado nacheka nao kitu kilipoanguka nyuma ya pazia. Nilidhani ni meza.

Pale hospitali walinikalisha kwenye benchi na gauni langu. Akaja daktari, msichana, mdogo kuliko wewe. Akauliza, "Bibi, wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemlea."

Akasema, "Unajua kwamba mjukuu wako ana moyo mkubwa?"

Wasike, nilinyoosha shingo. Wewe ukiwa umelala mle ndani na mpira puani, mimi nilinyoosha shingo nikamwambia, "Ndiyo, daktari, ni wa ukoo wetu. Babu yake alikuwa nao pia."

Yule binti akaweka kalamu chini. Akaniuliza huyo babu alikufa na nini. Nikasema lori. Akakaa karibu yangu kwenye benchi, akakunja ngumi, akasema moyo wa mtu ni kama hivi. Kisha akaifunika ile ngumi kwa mkono mwingine, akasema wa mjukuu wako umekuwa hivi. Ukuta umekakamaa, chumba cha ndani kimetanuka, damu inaingia na haitoki yote, ndiyo maana maji yanashuka miguuni na pumzi inakatika akilala. Akasema zile sindano hazichagui msuli. Unadhani unalisha mkono, na moyo nao ni msuli, unakula humo humo.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo si sifa?"

Akasema, "Si sifa, bibi. Ni ugonjwa. Jinja walishamwambia asipande jukwaani."

Nimefuga kuku wa nyama miaka kumi na miwili. Nimewaona wangapi wakianguka chali na vile vifua vyao. Nilikuandikia mwenyewe, kwa mkono huu, kwamba ukiwalisha sana kifua kinawashinda, na chini yake nikaandika kula vizuri. Ulivimba miguu, nikakuambia maji ya chumvi. Ulilalia mito mitatu, nikakuita bi arusi. Khainza aliona, na Khainza hajawahi kuona kitu maishani mwake.

Na jambo la mwisho. Siku nne ulizolala pale sikurudi. Uji aliuleta Khainza. Ulipomuuliza niko wapi, alikuambia mguu unaniuma. Mguu haukuniuma.

Maximilla


Jinja
3 Novemba 2024

Kukhu wangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Uji ule niliunywa, na nilijua ni wewe uliyeukoroga, Shangazi haweki ndimu. Kwa hiyo usiseme hukuja kabisa.

Mimi natembea. Nameza vidonge vinne asubuhi na viwili jioni, naenda chooni kama bomba la mtaa. Mwili unaondoka, kila wiki shati linalegea. Bhavesh ameniweka kwenye kiti getini, nafungua na kufunga. Wapakizi wenzangu wananiita Bwana Meneja. Kitu kizito kuliko birika nimekatazwa kuinua. Kochi hapokei simu yangu, na nasikia wale vijana bado wanakwenda kwake.

Daktari anasema moyo unasukuma kama nusu tu ya kazi yake. Nikiacha kabisa zile sindano, unaweza kurudi kidogo. Unaweza pia usirudi. Ataniangalia tena mwezi wa pili. Nina miaka ishirini na tisa, Kukhu, na nikipanda zile ngazi kumi na sita napumzika mara mbili.

Sasa nisikilize, kwa sababu umejibebesha mzigo ambao nusu yake ni wangu.

Nilijua. Daktari wa Jinja aliniambia yote, akanichorea kwenye karatasi, nikaelewa. Nilipokaa kukuandikia, ningeweza kuandika moyo umevimba. Ningeweza kuandika moyo unaumwa. Kalamu ilisimama hapo muda mrefu, kisha nikaandika mkubwa. Nilijua utaelewa vingine. Nilitumaini hutaelewa vingine. Sijui kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Nilitaka wewe ndiye useme usije. Nikisema mimi, ni woga. Ukisema wewe, ni amri ya bibi, na hakuna mtu wa Jinja wala Mbale angenicheka.

Barua yako ikaja na furaha ile yote. Nikaona tangu nizaliwe sijawahi kukufurahisha namna hiyo. Nikashindwa kukunyang'anya.

Patience hakwenda kupanda. Mwezi wa nne alizikuta sindano kwenye kopo la majani ya chai, akaziweka mezani akasema nichague. Nilichagua. Na tumbo lake halina kosa lolote, naomba usiliseme tena. Daktari anasema ni zile zile sindano, zilizima mbegu zangu. Miaka minne mimi nilikuwa nazima na yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa.

Uliandika kwamba ulikuwa ukiniita Njiti kwa utani. Si kwa sababu hiyo nilianza sindano. Ama labda kidogo.

Mjukuu wako,
Wasike


Namatala
Jumapili, 1 Desemba 2024

Mjukuu wangu Wasike,

Nakusalimu wewe, na kiti chako cha getini, na yule mama wa ghorofani ambaye alitumia macho wakati mimi natumia mdomo. Nimempa Ooko kuku wawili amletee. Ni wa kienyeji, wembamba, mwambie awachemshe sana. Wa nyama nimewaacha. Banda nimemkodisha Khainza, anapanda uyoga, hata huo sijui kama utaota.

Patience nimemwandikia barua yake kando. Hiyo si yako kuisoma. Kama atajibu au hatajibu ni haki yake.

Juwairiya alikuja kukuulizia. Nilimngojea aseme Dubai. Hakusema. Alikaa, akanisaidia kuchambua maharage, akaondoka.

Sasa lililonifanya nikae na kalamu. Jumanne walikuja vijana watatu. Wanainua vyuma kule upande wa viwanda, wala si vyuma, ni makopo yaliyojazwa saruji na bomba katikati. Mmoja ni wa Awuor muuza samaki, wale wengine nawajua sura. Walikuja na heshima zao zote, Kukhu shikamoo, Kukhu hujambo, wakakaa kwenye benchi kama waliokuja kuposa. Nikasema, mnaposa nani, Khainza? Mchukueni leo leo. Wakacheka. Kisha wa Awuor akasema, "Kukhu, tulikuwa ukumbini siku ile. Tunaomba utuulizie Wasike alitumia sindano ipi. Ile ya mafuta au ile ya maji. Yeye hatujibu."

Kumbe wamekuandikia na hukuniambia.

Niliwaambia, Wasike. Sikukuomba ruhusa. Niliwaambia sindano, vidonge vya kukojoa, ngazi kumi na sita, mpira wa puani, mbegu zilizozimwa, yote. Nimekuaibisha mbele ya Namatala nzima, kwa sababu wa Awuor ni mtoto wa mama yake, na habari ikifika kwenye samaki imefika kila sufuria. Wewe ukasirike, una haki. Wakija wengine nitawaambia tena.

Mmoja alicheka. Akasema, "Lakini Kukhu, wako wanaotumia na bado wako hai."

Nikamwambia, "Hata wangu yuko hai. Nenda Jinja ukamtazame akivaa soksi."

Akaacha kucheka, ila sidhani kama ameacha hizo sindano. Aliondoka akijishika mkono, kama mtu anayepima nyama. Sina uwezo juu yake.

Wa Awuor ndiye aliyebaki. Alikaa, akachokoa kucha, akaniuliza pole pole, si kwa ubaya, unajua sauti ya mtoto anayetaka kujua kweli. Akasema, "Na wewe, Kukhu, hukumwambia asipande?"

Khainza alikuwa mlangoni na sinia. Akanitazama. Maji ya chai yalichemka yakamwagikia moto, hakuna aliyeinuka.

Nikamwambia, "Hapana. Aliniuliza, na mimi nikamwambia apande."

Akasema, "Kwa nini?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nimeshona gauni."

Aliinua lile birika akaliweka pembeni, akaniaga, akaondoka.

Tulifundishwa kwamba mtu mzima hamwombi mtoto msamaha, kwamba akifanya hivyo mtoto atapata laana. Nimelifikiria hilo tangu Jumanne. Laana gani tena iliyobaki. Nakuomba msamaha, Wasike. Nimeliandika mwenyewe, Khainza hajanisaidia, na kama nimekosea herufi wewe soma hivyo hivyo.

Mwezi wa pili ukienda kwa daktari usiniandikie baadaye. Nitakuja. Nitapanda na Ooko, nitakaa kwenye benchi la huko, na akisema neno nisilolielewa nitamuuliza maana yake.

Mimi niliyekusukuma,
Bibi yako Maximilla